Pembe Niliyompelekea Mkwe

Ninyi mlionicheka siku ile mkiniona kwenye pikipiki nimekumbatia mzigo wa kitenge kama mama aliyejifungua jana, leo nawajibu. Nilikuwa nakwenda kuposa. Tena kabla ya kuposa nilitakiwa kuthibitisha kwamba mimi si mwongo, maana bila hilo hakuna ambacho kingefuata.

Mambo yalianza hivi. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Nyamongo, na Wegesa wangu ni muuguzi. Kwao ni wilaya ya Serengeti, kijiji kimoja mbele kidogo ya Mugumu. Nilipokwenda kujitambulisha mara ya kwanza, baba yake, Mzee Makuru, alikaa ananiangalia bila kusema neno, na mimi kimya huwa kinaniwasha. Nikaliona dume lake zizini, pembe safi kabisa, nikaropoka: eti katika nchi za baridi kuna kulungu ambaye pembe zake huanguka kila mwaka, halafu zinaota upya, na ndani ya miezi michache zinakuwa ndefu kuliko mkono wa mtu, tena zina matawi. Mzee akasimama. "Kijana, mimi nimekua na ng'ombe. Pembe ikikatika imekatika. Unakuja kunitania nyumbani kwangu?" Akaingia ndani na hakutoka tena mpaka nimeondoka.

Baada ya wiki kadhaa Wegesa akaniletea ujumbe: nikirudi nirudi na hiyo pembe, la sivyo nisirudi. Nilicheka, yeye hakucheka. "Marwa, baba hana ugomvi na pembe," aliniambia. "Anasema watu wa Nyamongo mdomo umewazidi. Mpwa wake alikuja huko kwenye dhahabu, akapata, akanunua pikipiki, akaongeza mke, akaongeza baa. Mwaka uliofuata alirudi nyumbani kwa miguu. Sasa na wewe unaanza na hadithi za pembe!" Nilimpenda yule binti, na sikuwa tayari kumpoteza kwa sababu ya kichwa cha mnyama ambaye hata sijawahi kumwona.

Bahati nzuri aliyenisimulia habari hizo yupo. Ni fundi mmoja wa mgodini, mzungu wa kaskazini kwenye theluji, aliyezoea kuja kucheza mpira na sisi walimu. Alipokwenda likizo nikamwomba, naye akaniletea pembe moja aliyoiokota msituni karibu na kwa mama yake. Siku niliyoishika mkononi niliruka ofisini mpaka mkuu wa shule akaja kuuliza kama nimefiwa.

Asubuhi ya safari, stendi ya bodaboda Nyamongo. Msemaji wangu alikuwa Baba mdogo Chacha, mdogo wake marehemu baba, mtu mwenye sauti ya mnadani na hisa katika duara moja la Matongo, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Kabla hata hatujapanda, wachimbaji walishatuzunguka. Hapa kwetu siri haikai, labda uifukie, na ukiifukia wataichimba.

"Mwalimu, ndiyo hiyo inayoota yenyewe?" mmoja aliuliza. "Nikwangulie unga kidogo tu nikaunyunyize kwenye duara. Kama pembe inaota, dhahabu itashindwaje?"

"Ndugu yangu, hii ni sayansi, si dawa," nikamwambia.

"Sasa tofauti iko wapi?" akajibu, na stendi nzima ikavunjika mbavu. Nikaufunga mzigo vizuri zaidi, tukapanda mshikaki: dereva mbele, mimi katikati nimekumbatia mzigo, Baba mdogo nyuma.

Matongo tulisimama kidogo, Baba mdogo akasema lazima awape maagizo watu wake wa duarani. Mimi nikamwachia mzigo, nikabaki kwenye kibanda kunywa chai na chapati. Alirudi anapiga mluzi, mzigo kwapani. Sikuwaza lolote. Ningewaza nini? Kama mnavyomjua, yule hupiga mluzi hata msibani.

Kutoka hapo barabara ilitupeleka kwenye mashamba ya Kemambo. Mvua ilikuwa imenyesha, mahindi yamesimama wima, kina mama wanapalilia huku wakiitana kutoka shamba hadi shamba. Baada ya vumbi na kelele za Nyamongo nilijikuta naimba. Dereva akaimba. Tulipovuka daraja la Mto Mara, Baba mdogo akaanza wimbo wa harusi, nikamwambia ngoja kwanza, bado hatujakubaliwa. Akasema koo lake halijui kungoja.

Mbele ya mto, kwenye kizuizi cha askari wa wanyamapori, wimbo ulikatika. Askari kijana aligusa mzigo, akaufunua pembeni, akaona ncha ya tawi. Uso ukabadilika. "Nyara! Shukeni chini wote!" Nikaanza kueleza habari za theluji, mzungu na mama wa mzungu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na jangili.

Akaja mkubwa wake, mama mmoja wa makamo, mtulivu. Akaichungulia pembe pale kitenge kilipofunuliwa, akaipapasa. "Swala tunaye, kuro tunaye, pofu tunaye, nyumbu ndiyo usiseme. Pembe yenye matawi humu ndani hatuna. Mwalimu, unaipeleka wapi?"

"Kwa baba mkwe, afande. Hajawa mkwe bado. Asipoiamini hii, hatakuwa."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya kizuizi. "Haya pita. Ila ukirudi usinipite hapa kimya. Nataka kujua mzee amesemaje."

Mchana tukaingia kwa Mzee Makuru. Alikuwa amekaa kivulini kando ya zizi, na Wegesa, aliyetangulia siku moja kabla, amesimama mlangoni mwa jiko na mama yake. Tukasalimia. "Shikamoo, Tata," yaani baba. Akaitikia marahaba, macho yakiwa kwenye kitenge. Hakutuuliza habari za safari. Nikapiga magoti nikaufungua mzigo mbele yake.

Jamani! Ncha ya tawi la katikati haikuwapo. Imekatwa kwa msumeno, kipande cha urefu wa kidole kimeondoka. Niligeuka taratibu nikamtazama Baba mdogo. Alikuwa anaangalia mawingu.

"Kidogo tu," akasema. "Kwa ajili ya duara. Jamaa walinisihi sana."

Nilitamani kulia, na sioni haya kuwaambia. Vitu vyote nilivyokuwa nimevipanga kichwani vilitoweka, nikamwona Wegesa ameziba mdomo kwa kiganja. Nani atamwamini mtu anayeleta ushahidi uliokatwa na msumeno wa Matongo?

Mzee Makuru alinyoosha mkono. "Lete." Akaikalisha mapajani, akapitisha kucha kwenye ule mkato. Akaunusa. Akaupeleka juani, akachungulia. Kisha akamwita Wegesa amletee pembe ya ng'ombe anayochotea chumvi ya mifugo, akaziweka pamoja.

"Pembe ya ng'ombe ni ala, kama ya kisu," akasema polepole, akiongea na zile pembe badala yangu. "Ndani ina tundu. Hii haina tundu. Imejaa. Hii ni mfupa." Akaigeuza upande wa chini, kwenye duara la mikwaruzo ambako ilikuwa imeshikana na kichwa, akapapasa kwa kidole gumba. "Na hapa hakuna panga wala shoka. Haikukatwa. Imeanguka yenyewe." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Kaa kwenye kiti, mwalimu. Iliotaje?"

Lo, nilivyokaa! Nikamwambia kila kitu. Kwamba inapoota huwa imevaa ngozi laini yenye manyoya, ina joto, imejaa damu, na kwa siku moja inaweza kuongezeka karibu unene wa kidole. Kwamba hakuna mfupa wa mnyama mwingine unaokimbia hivyo. Ikishakomaa ngozi inakauka, mnyama anaisugua kwenye miti. Akaniuliza nani anaiamrisha, nikamwambia ni vinasaba, yale maagizo tunayorithi kwa wazazi, ndiyo maana ndama wa dume lake wana baka jeupe kama baba yao. Akaitikia kwa kichwa. Baka lile alilijua.

"Watafiti wamechungulia vinasaba hivyo," nikaendelea, "wakakuta jambo la ajabu. Vile vinavyoisukuma pembe ikue ni ndugu wa vile vinavyoonekana kwenye saratani. Kukua kwa kasi hivyo, kwa mwili mwingine, ni ugonjwa. Lakini kulungu huyu haugui, kwa sababu ana vinasaba vingine vyenye nguvu vinavyoshika breki. Kimoja kinasema ongeza. Kingine kinasema basi."

Hapo Mzee akanyamaza. Kimya kile kile cha mara ya kwanza, ila safari hii sikuropoka. Niliuma ulimi.

"Nyamongo nimeiona," akasema mwishoni. "Hapo kuna ongeza tu. Mpwa wangu alikuwa mtoto mzuri, mpole kama wewe. Naambiwa hata wewe Jumamosi huonekani nyumbani, uko duarani na huyu mwenye msumeno." Baba mdogo akakohoa. "Haya niambie, mwalimu. Wewe kule, nani anakwambia basi?"

Maneno yale yalinichoma kwa sababu ni kweli: mwezi uliopita nusu ya mshahara wangu ilikuwa imeingia kwenye shimo la Baba mdogo, na sikuwa nimemwambia mtu.

"Mimi."

Ilikuwa sauti ya Wegesa. Alitoka mlangoni akaja mpaka katikati ya ua, mikono ina unga wa udaga, ule wa muhogo. "Mimi nitamwambia, baba. Na akiniambia mimi basi, nitamsikia."

Mzee alimtazama binti yake. Kisha akacheka, kicheko cha tumboni, nikajua kwa nini Wegesa hucheka vile. "Mama Wegesa!" akaita. "Huyu mtu amekuja na njaa. Na mwenye msumeno mpeni kisu, akasaidie kuchuna mbuzi."

Jioni tulikula kichuri, ile nyama choma yetu yenye uchungu mtamu, na ugali wa udaga na mtama. Majirani walikuja mmoja mmoja, na kila aliyefika Mzee alimweleza habari za pembe. Alipofika kwa jirani wa nne tayari ilikuwa inaota unene wa mkono kwa siku. Nikamtazama Wegesa. "Mwache," akaninong'oneza, "leo hashikiki."

Kesho yake tukarudi. Pembe ilibaki, imefungwa kwa kamba juu ya lango la zizi. Kwenye kizuizi yule mama askari alikuwa amesimama barabarani. Akaangalia mikono yangu mitupu. "Iko wapi?"

"Imebaki kwa baba mkwe."

Hakuuliza zaidi. Alipiga kigelegele, askari mwanamke mwenye bunduki begani, mpaka ng'ombe waliokuwa wanavuka wakakimbia.

Nyamongo tulifika jua limeelekea kuzama. Wachimbaji wakatujia mbio, mbele yao yule wa unga. Kumbe ni mtu wa duara la Baba mdogo, na kile kipande alikuwa ameachiwa yeye. "Mwalimu! Mwamba umeanza kung'aa! Lete mshahara wa mwezi huu, wote, kabla ya Jumapili wewe ni tajiri!"

Nilisikia ndani yangu kitu kikisema ongeza. Nakiri kilisema kwa nguvu. Nikatoa simu mfukoni.

"Unampigia nani?" akauliza.

"Wegesa."

"Kwani ameshakuoa?"

"Jana," nikamwambia, na simu ikaanza kuita.