Pale Kabla ya Wimbo Kuanza

Gibson Ogari ni jirani yangu hapa Ogembo, tunatenganishwa na ukuta wa mbao. Upande wangu kuna cherehani mbili na vitambaa vya sare. Upande wake kuna kompyuta kuukuu, nyaya zinazotosha kufungia ng'ombe wa kijiji kizima, na kopo la majani chai lililojaa memori kadi. Kazi yake ni kujazia watu nyimbo. Mchuma chai anamletea kiredio chake, Gibson anachomoa kadi, anaitia nyimbo mia tano, na mama wa watu anarudi shambani na kwaya nzima ikimwimbia mfukoni. Ni mpole kupita kiasi. Mteja akimletea maneno, yeye hugonga ukuta, nami huenda kumsemea, kwa sababu upole huo mimi sikupewa.

Nyimbo mia tano haziwezi kuingia kwenye kadi ndogo mpaka uziminye. Hilo nilikuwa silijui. Nilifunzwa na Ogada, kijana wa kutoka ziwani aliyekuwa akisoma mita za maji hapa mjini. Ogada alitembea siku nzima na pleya nyeusi mkononi, nzito kama kipande cha sabuni ya mche. Haikupiga simu, haikupiga picha, kazi yake ni nyimbo tu, na aliinunua kwa bei ya ndama. Nilimcheka mbele ya macho yake.

"Mama Valentine, cheka ukishasikia," akaniambia, akanivalisha hedifoni.

Nikasikia gitaa. Nikamwambia gitaa hata redio yangu inalo.

"Na vidole?"

Nikasikiliza tena. Kweli, vidole vya mpigaji vilikuwa vikikwaruza nyuzi, na mtu mmoja nyuma yake alijikohoza kidogo, taratibu, kama anayeogopa kusikika. Niligeuka kutazama ni nani aliyeingia kibandani. Ogada alicheka mpaka akajishika magoti.

"Hii faili ni FLAC," akasema. "Imekunjwa tu, haijakatwa kitu. Zile za Gibson zimekatwa, ndio ziingie nyingi."

Hapo nikamwelewa kuliko alivyodhani. Gauni la mtoto nikilikunja upindo kwa ndani, mwakani naliachia. Nikiukata huo upindo, mwakani mama yake atashona jingine. Lakini sikumwonyesha kwamba nimeelewa. Nilimwambia arudi kwenye mita zake.

Sasa niseme habari za Emily, mke wa Gibson, kwa sababu haya yote ni yake.

Emily aliimba kwaya ya kanisa letu la Sabato, na sare yake niliishona mimi, mikono mirefu kuliko ya wengine kwa sababu hakupenda viwiko vyake vionekane. Kwaya yetu haina kinanda. Kabla ya kila wimbo lazima mtu mmoja atoe sauti: anavuta pumzi, kisha kwa mdomo uliofungwa anatoa noti ya soprano, ya alto, ya tena, na ya besi. Mm, mm, mm, mm. Kila kundi linaitikia noti yake polepole, halafu ndipo wimbo unaanza. Mtoa sauti akikosea, kwaya nzima inaingia shimoni. Emily hakuwahi kukosea. Alifunzwa na mama yake, Bathsheba wa Nyamarambe, ambaye aliimba alto mpaka magoti yakakataa kusimama.

Miaka sita iliyopita, Jumapili moja, Gibson alirekodi kwaya nyimbo kumi na mbili kwa kinasa sauti alichokuwa amekinunua karibuni. Jumatatu akaanza kuzicheza upande wake ili azitengeneze. Mimi nilikuwa nashona, na kila wimbo ulianza na kimya, pumzi, mm nne, majibu ya watu thelathini, kimya tena. Ikanichosha. Niligonga ukuta.

"Gibson! Hizo mm zako zitoe. Nani atanunua mm?"

Akasita. Akamuuliza Emily, aliyekuwa amemletea chakula. Emily akacheka.

"Kata tu," akasema. "Hiyo si wimbo. Mimi natengenezea wengine njia."

Gibson akakata kumi na mbili zote. Akaziminya, zikawa ndogo kabisa, zikauzwa Ogembo, Nyamarambe mpaka Nyakoe. Zile kubwa akazifuta, kwa sababu kompyuta yake ilikuwa imejaa. Nilijisifu wiki nzima kwamba mimi ndiye niliyemshauri.

Miaka mitatu baadaye Emily aliugua, na katika miezi minne akawa ametutoka. Alikuwa mtu wa simu ya vitufe, alikataa hizi za kioo, kwa hiyo hakuacha ujumbe wala video. Video ya mazishi ipo, lakini humo wanasikika wengine, yeye hayumo. Gibson alifungua kibanda baada ya wiki mbili na kuendelea kujaza kadi za watu. Nyimbo za kwaya yetu alizijaza bila kuzicheza.

Mwezi wa nne mwaka huu, siku ya soko, Bathsheba aliingia kwangu akiegemea fimbo. Kwa Gibson hakuingia. Sisi Abagusii tuna chinsoni, heshima ya mkwe: mkwe wa kiume hamgusi mama wa mkewe, hata mkono hampi, na wakiwa na jambo zito wanampitisha mtu katikati. Siku hiyo mtu wa katikati nilikuwa mimi. Aliweka kiredio chake juu ya meza yangu ya kukatia nguo.

"Mama Valentine, Emily hayumo humu," akasema.

"Yumo, mama. Yuko na wale alto."

"Hapa ni watu thelathini. Mimi simsikii yeye. Yuko wapi pale anapotoa sauti? Nimesikiliza miaka mitatu, kila wimbo unaanza tu, kama watu waliopata noti kutoka mbinguni." Akakigeuza kiredio kwa kidole. "Nimeanza kuisahau sauti yake. Juzi nimemwota ananiita kutoka jikoni. Uso ulikuwa wake, sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Nikiipoteza sauti, mtoto wangu atakuwa amekufa mara ya pili, na hiyo mara sitaiweza."

Nilitazama mkasi wangu. 

Nilipokwenda upande wa pili, Gibson alikuwa ameketi ameipa kompyuta mgongo. Mbao hazifichi kitu, na yote alikuwa ameyasikia.

"Nilikata," akasema.

"Tulikata," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekutuma."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua. Kwa siku tatu alifungua kila flashi, kila kadi ya zamani, kila diski iliyokufa. Zote zilianza moja kwa moja na wimbo. Nilimuuliza kama hawezi kuipanua ile iliyominywa, akanitazama kwa huruma.

"Kilichotolewa hakimo, Mama Valentine. Nitapanua nini?"

Ndipo nikamkumbuka Ogada. Ile wiki ya kurekodi alikuja kujaza pleya yake, na nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Gibson, "Kabla hujaingiza kisu, nipatie zangu nzima." Gibson akashtuka, akasimama. Tatizo, Ogada alihamishiwa Nyamira miaka minne nyuma, na namba yake ilikuwa haipatikani. Na mwenye pleya anaweza kufuta, anaweza kuuza, anaweza kuibiwa.

Jumamosi tulisali, Jumapili nikafunga kibanda tukaenda. Tukapitia Kisii mpaka Nyamira, na la Gibson njiani lilikuwa moja tu, kwamba mvua inakuja. Hapo Nyamira tulimuulizia yule msoma mita mwenye hedifoni. Mtu wa tatu akatuonyesha nyumba.

Ogada alikuwa uani akifua. Alifurahi, akatuletea viti, akamwita mkewe Akumu atuwekee chai. Gibson hakungoja chai.

"Ndugu yangu, zile nyimbo za kwaya nilikupatia. Bado unazo?"

"Ile ya mama anatoa sauti?" Ogada akakausha mikono. "Hiyo siwezi futa. Nikinunua hedifoni mpya, mimi huanza na huyo mama. Anavuta pumzi kwanza, unasikia? Halafu zile noti nne. Kama hedifoni ni mbaya, pumzi haisikiki. Nikisikia pumzi, najua hii ni mali. Wimbo wenyewe sijui hata mnasema nini, Kikisii sijui."

Gibson alikuwa ameshika ukingo wa kiti.

"Huyo ni mke wangu," akasema. "Alitutoka. Ni miaka mitatu sasa."

Ogada alisimama pale, mapovu yakiwa bado kwenye viwiko. "Pole. Pole sana, ndugu. Sikujua. Mimi namsikia kila wakati."

Aliingia ndani, akatoka na pleya ile ile nyeusi, kona zimechubuka, akamvalisha Gibson hedifoni mwenyewe na kubonyeza. Mimi sikusikia kitu. Nilimwona Gibson tu: alifumba macho, na kabla hata noti ya kwanza kufika, pale kwenye pumzi, akaanza kulia. Alilia waziwazi, mwanaume mzima, mchana kweupe. Ogada akarudi kwenye beseni akasuuza shati moja muda mrefu sana ili asimtazame. Nilimpenda Ogada siku hiyo, na nilijuta kumcheka kwa pleya yake.

Kiredio cha Bathsheba hakiwezi kusoma faili kubwa kama hizo, na hata kingeweza, spika yake ni ya kelele tu. Ogada akafikiri, akaingia ndani akachomoa chaji ukutani.

"Chukueni yote. Mama asikie na hii. Mtarudisha mkipita."

Tulifika Nyamarambe Jumatatu asubuhi. Bathsheba alikuwa ameketi sebuleni, mlango wazi. Gibson alimsalimu kwa mbali kama inavyopasa, akachukua kigoda akakiweka nje, chini ya ukingo wa bati, uso ameuelekeza kwenye migomba. Kumvalisha mama mkwe hedifoni hangeweza. Ikawa kazi yangu, mimi niliyewahi kushindwa hata kuweka saa kwenye simu.

"Bonyeza ile pembetatu," akasema Gibson kutoka nje, bila kugeuka.

Nilibonyeza. Bathsheba akaruka, fimbo ikaanguka. Nilikuwa nimewasha benga ya Ogada, ile ya magitaa, tena kwa sauti ya juu.

"Si hiyo! Rudi nyuma. Panda juu, kuna jina la kanisa. La kwanza kabisa."

Nikapanda juu. Nilikwenda taratibu kuliko siku niliyokata gauni langu la kwanza la harusi. Nikaliona jina la kanisa, nikaliona la kwanza, nikamrekebishia mama hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa, nikabonyeza.

 Mimi sikusikia chochote ila kuku. Bathsheba aliketi wima, na nikaona kifua chake kikijaa hewa, pole pole, kama anayevuta pumzi pamoja na mtu. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa jikoni.

Halafu akaimba. Noti moja, mdomo umefungwa, mm, ya alto, ile ya pili. Sauti ya kizee, imekwaruza pembeni, lakini katikati imenyooka. Alikuwa akimwitikia binti yake. Aliishikilia noti yake kama tulivyofunzwa, mpaka wengine wapate zao.

Na nje, chini ya bati, Gibson ambaye hakuwa na hedifoni, ambaye hakusikia ila sauti ya mama mkwe wake, alisubiri muda wa noti ya tatu, ile ya tena, upite, kisha akatoa ya nne, ya besi. Hakugeuka. Wawili hao hawajawahi kupeana mkono tangu siku ya mahari, na wakakaa hivyo, mama ndani, mkwe nje, kila mmoja ameshikilia noti aliyopewa.

Bathsheba akaivua hedifoni.

"Mama, wimbo ndio unaanza," nikamwambia.

"Wimbo ninao kwenye redio," akasema, akinirudishia pleya huku akipangusa uso kwa kiganja. "Nirudishie pale mwanzo."

Nikarudisha. Akaitikia, na Gibson akaitikia. Nikarudisha tena. Chai iliyokuwa mezani ikapoa, jua likafika mlangoni, na mimi niliyeuliza nani atanunua mm niliketi pale mpaka mchana, kidole kwenye kitufe, nikirudisha.