Sufuria ya Pili

Kila asubuhi, kabla hajasema na mtu, shangazi yangu alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda na kujibonyeza tumbo kwa vidole viwili, chini kidogo ya kitovu, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza maneno ya chumba cha pili. Tumbo likiwa laini, alivaa gauni la kazi akaenda kwenye cherehani. Likiwa gumu, alikaa kidogo tena, halafu akaenda kwenye cherehani vilevile. Nililala naye chumba kimoja, na sikumsikia hata siku moja akilililia tumbo lile.

Watu wa mtaani wanasema alikuwa na maringo. Waache waseme. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Baba yangu ni fundi wa nguo, na shangazi ni mdogo wake. Walishonea chumba cha mbele cha nyumba yetu: cherehani mbili zinazotazamana, meza ya kukatia, pasi ya mkaa dirishani ili moshi utoke. Baba alikata, shangazi alishona makoti. Kazi ya koti iko begani. Ukilikosea bega, mwenye koti ataonekana ameshtuka mpaka siku nguo itakapochanika. Makoti ya shangazi hayakumshtua mtu.

Lakini kwa miaka mingi tumbo lilimsumbua. Lilivimba, lilimwendesha, akawa anaruka kutoka kwenye cherehani katikati ya mshono, akirudi jasho linamtoka. Majirani wakaanza kumuuliza mimba ina miezi mingapi. Bibi, mama yao, alimchemshia kila jani chungu linaloota, naye akayanywa yote, na bado alikonda mpaka futi ya kupimia nguo ilionekana nzito shingoni mwake. Mwisho akaenda hospitali. Walimtoa damu, wakampitisha kooni mpira wa kuchungulia tumbo, na daktari akamwambia utumbo wake haupatani na ngano. Si ngano nyingi, ngano yoyote. Mkate, chapati, tambi, biskuti, hata mchuzi uliotiwa kijiko cha unga ili uwe mzito. Asile siku ya kawaida wala siku ya sherehe, mpaka anaingia kaburini.

Bibi aliposikia alicheka mpaka akajifuta macho. Alisema mtoto huyu alimkuza kwa mkate uliochovywa kwenye chai, iweje leo mkate uwe adui.

Shangazi hakubishana. Alinunua sufuria ndogo na mwiko wake, akaviweka kwenye kona ya jiko, akaanza kujipikia wali, maharage, mihogo, mayai, samaki akimpata. Asubuhi alikunywa uji wa mahindi, na unga wake aliuweka kwenye kopo lenye mfuniko. Mwanzoni hatukuona kitu. Kisha mashavu yakarudi. Kisha nikagundua kwamba anashona koti toka kola hadi pindo bila kunyanyuka.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Nyumba yetu ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuitamka, kwamba wote tunakula chungu kimoja, na chungu hicho ni cha bibi. Bibi hakuwa mtu wa kukumbatia. Alikupakulia. Akikupenda, nyama yako ilikuwa kubwa. Sasa mtu akijipikia pembeni mwa chungu cha mama yake, wateja wanaokaa barazani wanafikiri nini? Kwamba anaogopa kulishwa sumu, au anaficha minofu.

Baba alimpachika jina, Bi Sufuria. Mteja akiwepo ndipo alipolitumia zaidi. Alikuwa akiuliza kwa sauti leo mheshimiwa anapikiwa nini, na mpishi wake ametoka nchi gani.

"Najipikia mimi mwenyewe, kaka," shangazi alijibu siku moja bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. "Na mpishi huyo hana mdomo mrefu."

Mteja alicheka kuliko baba alivyotaka. Mama yangu hakushika upande wowote, ila nilimwona akiiosha sufuria ya wifi yake kwanza, kwa maji masafi, kabla hajagusa vyombo vingine.

Halafu tumbo likarudi. Hivi hivi, bila sababu. Shangazi aliisugua sufuria kwa mchanga. Akatupa maharage akidhani yamechanganyika na ngano dukani, akaacha samaki, akaacha mayai, akabaki na uji peke yake kwa sababu uji ndio aliouamini. Na kadiri alivyokunywa uji ndivyo alivyozidi kukimbia chooni. Macho yakaingia ndani. Akalikosea bega la koti la mwalimu mmoja, mara ya kwanza tangu nimjue, ikabidi alifumue huku baba amesimama juu yake anamwambia ndiyo faida ya kujinyima chakula cha watu.

Tulikuwa tumekaa kula mchana, shangazi na kikombe chake cha uji, bibi alipoanza kutabasamu peke yake. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefunga zawadi.

"Kunywa, mwanangu. Umeshakula ngano wiki nzima na hujafa."

Akaeleza. Alikuwa amechanganya unga wa ngano kwenye lile kopo, robo kwa robo tatu, akiongeza kila ulipopungua. Hata mashavu ya binti yake yaliporudi, kwake yeye mahindi matupu hayamjengi mtu. Kila shangazi alipozidi kukonda, bibi alizidisha ngano. Hakuwa na ubaya. Nina hasira naye hadi leo, lakini ubaya hakuwa nao. Alingoja tu siku ya kumwonyesha kwamba ugonjwa ule uko kichwani.

Shangazi alikiweka kikombe chini.

"Kumbe ni wewe, mama."

"Ni mimi. Na uko hai, unashona."

"Niko hai. Kushona umeona mwenyewe lile bega."

Baba akanawa mikono, akasema basi, mchezo umekwisha, mama ametuthibitishia. Kuanzia kesho sufuria ile itoke jikoni. Anayekaa kwenye cherehani ya baba atakula chungu cha nyumba, na asiyetaka aseme sasa.

"Cherehani ni yako, kaka," shangazi alisema. "Tumbo ni langu."

"Unanikataa mimi?" bibi akauliza. Tabasamu lilikuwa limeondoka.

"Sikukatai. Nakataa ngano."

"Ngano hiyo nimeitia kwa mkono wangu huu."

"Ndiyo maana naondoka, mama. Nikikaa nitauchukia huo mkono."

Alisimama. Alikwenda chumbani, akarudi na nguo zake zimefungwa kwenye shuka, mkasi wake wa kazi umechomekwa katikati. Baba alimwambia mwalimu anakuja jioni kuchukua koti. Shangazi akasema mkono wa kushoto bado, na uzi uko kwenye droo. Baba akamuuliza huko nje ni nani atakayemvumilia na masharti yake, kila jiko lina ngano. Shangazi aliniwekea kiganja kichwani, akampita mama mlangoni, na mama akasogea kumpa njia.

"Mwacheni," baba alisema. "Njaa itamrudisha."

Bibi alikuwa ameshachukua sahani. Alipakua nyama kubwa kuliko zote, akamwagia mchuzi mzito, akaifunika kwa sahani nyingine ili isipoe. Kupitia dirishani, nyuma ya moshi wa pasi, nilimwona shangazi akivuka barabara na mzigo wake begani. Alikuwa na njaa, maana uji hakuumaliza. Alitembea wima hadi kwenye kona ya duka la vioo, akakata kona.

Hakurudi.