Fundi Redio na Kina cha Ziwa

Nduwayezu, fundi redio wa Kasulu, hakuwa mtu wa maji. Hata daraja la mto alilivuka ameshika kingo. Lakini mwaka tisini na mbili Daktari Mntambo alimletea kipima kina cha mashua yake ya tanga, kifaa kinachoonyesha chini ni mita ngapi. Namba zilirukaruka ovyo: mbili, sitini, mbili. Nduwayezu alikipima mezani asione kasoro.

“Hiki kizima. Mgonjwa ni mashua,” alisema, na kwa kiburi cha ufundi wake akateremka naye hadi Kigoma.

Ziwani alijikaza kwa kujiambia kwamba kina ni mita mbili tu. Akawasha redio yake ndogo na kuipitisha kando ya nyaya, inase kelele za umeme zinazovuruga kipima. Ilipofika kwenye waya wa taa ya tyubu, iliyokuwa ikiwaka mchana kweupe, ikakoroma vibaya.

“Mjinga gani amefunga waya wa taa pamoja na wa kipima?”

“Ni mimi,” alijibu daktari.

Nduwayezu akazitenganisha zile nyaya. Namba ikatulia: mita tisini na sita.

Akaikodolea macho, kisha akakumbatia mlingoti.

“Daktari,” alisema, “zifunge tena.”