Vidonge Kwenye Pindo la Kanga

Nianze na kaka yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo, nimekwenda Chwaka kwa mama kupumzika, naye akaja kutusalimia. Akanikuta jikoni nameza kidonge changu cha asubuhi. Akasimama mlangoni akinitazama kama mtu aliyemfumania mwizi, hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Nini hicho?"

"Dawa."

"Dawa ya nini? Mbona huumwi?"

Hilo "huumwi" nimelisikia mpaka limenichosha kuliko ugonjwa wenyewe. Sina homa, sina jeraha, miguu haijavimba. Ukinitazama unamwona mwalimu wa hisabati wa sekondari, mtu mzima mwenye nyumba yake Mbweni na funguo zake mkononi. Lakini nyumba hiyo ya Mbweni ndiyo iliyonishuhudia nikisikia adhana ya alfajiri nimelala, kisha ya adhuhuri, nami bado sijaushusha mguu kitandani. Iliniona nikilia kwa sababu kuna kikombe cha kuosha. Darasani nilikuwa nikiweka kichwa juu ya meza kidogo tu nipumzishe macho, na nikizinduka wanafunzi wameshatoka mmoja mmoja, kimya kimya. Watoto wa watu walidhani nimefiwa.

Daktari ndiye aliyenipa jina la hali ile: sonona. Dawa za mwanzo alizoniandikia ziliniondolea kilio, uchovu ukabaki pale pale. Tukajaribu hiki, tukajaribu kile, miezi ikapita, ndipo akaniongezea kidonge cha kuchangamsha, kimoja kila asubuhi, na kila nikirudi ananipima presha na kunisikiliza moyo. Kidonge hicho kikaninyanyua. Sikuota mbawa. Niliweza kuoga, kufundisha, kurudi nyumbani nikapika, na kumkasirikia mtu anayestahili kukasirikiwa. Hayo tu, na kwangu yalikuwa makubwa.

Kaka hakuuliza hata moja katika haya. Yeye ana duka la vifaa vya ujenzi Darajani, na watu wa dukani kwake wanajua kwamba asubuhi hasemeshwi mpaka apate kahawa. Jioni barazani anakunywa vikombe vya kahawa chungu mpaka vidole vinamtetemeka. Ndani ya gari lake makopo matupu ya vinywaji vya kuongeza nguvu yanagongana chini ya viti kila anapokata kona. Basi mtu huyu ndiye aliyeninyooshea kidole jikoni kwa mama akasema, "Wewe ushakuwa mteja."

Mteja kwetu ndilo jina wanalopewa walioharibiwa na unga, wale vijana wanaolala kwenye vibaraza mchana. Kaniita jina hilo na kikombe cha kahawa anacho mkononi.

Tukawekwa kikao, mimi, yeye na mama, juu ya mkeka. Kaka ndiye aliyesema yote. Akaniambia nimtazame mama. Kamzika mume bado kijana, kashika kilimo cha mwani, katulea kwa mikono yake, katusomesha, na hajapata kulala mchana. "Huyu anainama baharini tangu wewe mdogo, na hamezi kitu. Wewe uchovu umeutoa wapi, kwenye chaki?"

Mama alikuwa anakuna goti lake. Kijiji kizima kinamwita mwanamke wa shoka, na tangu nipate akili sijapata kumsikia akisema anaumwa. Akitapika atasema kala kitu kibaya, akianguka atasema kateleza, na presha aliyopimwa kliniki anaiita joto tu. Kaka alipomaliza, mama akaninyooshea kiganja.

"Lete, mwanangu. Zikae kwangu kwanza. Tukutie kombe, tutazame."

Nikampa. Nilikuwa na maneno mengi ya kujibu, lakini mama yangu akinyoosha mkono hatujui kukataa. Akavifunga vidonge vyangu kwenye pindo la kanga, pale anapofunga ufunguo wa kabati, akaondoka navyo kiunoni.

Kombe nililinywa. Yale maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa maji nikayanywa kwa nia safi, na sina neno baya juu yake. Tena mwalimu wa Kurani aliyeliandika alimuuliza mama kama daktari wangu kaambiwa kwamba nimeacha dawa. Katika watu wote waliojitia kunitibu, ni yeye tu aliyeuliza swali hilo, na hakuna aliyemjibu.

Nikarudi nilikotoka. Nililala mkekani nikatazama makuti ya paa, chai ikapoa pembeni yangu, nzi wakaingia. Kila jioni kaka alipiga simu kumuuliza mama kama sumu imeshanitoka. Majirani wakipita wanachungulia, wanasema, "Mwalimu bado kalala?" Nilitaka kuinuka niwajibu wote, mmoja mmoja, kwa majina yao. Lakini hasira nayo inataka nguvu, na mimi sikuwa nayo.

Asubuhi moja mama akaniinua kwa nguvu. Maji ya bahari yatakuamsha, akasema. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, nikamfuata na viatu vyake vya zamani vya mpira mpaka kwenye vigingi vyake vya mwani, akanipa kamba nifunge mwani. Nilifunga kidogo. Kisha nikaketi pale pale ndani ya maji, na kanga zangu, na kamba mkononi.

"Mwalimu kachoka kusoma!" mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka shamba la jirani, na wenziwe wakacheka.

Mama hakucheka. Alikuja akasimama mbele yangu, akanitazama muda mrefu, mkono wake ukiwa juu ya lile fundo la kiunoni. Kisha akanishika kwapani, akanirudisha nyumbani.

Ijumaa iliyofuata kaka akaja baada ya sala, akamkuta mama ni mama mwengine. Tangu alfajiri alikuwa keshafagia uwanja mpaka njiani. Alikuwa keshakwenda shambani akafunga kamba zake zote na za jirani yake mgonjwa, karudi kaanika mwani, katwanga, kakuna nazi, na sasa yuko jikoni anapika samaki wa kupaka huku anaimba nyimbo za harusi. Anaimba! Mimi sauti ya mama ya kuimba nilikuwa nimeisahau.

Kaka akaja kusimama juu ya kichwa changu.

"Unamwona mama yako? Umri ule! Na hajameza kitu."

Nikageukia ukuta. Na jambo ambalo mpaka leo sijamsamehe ni hili, kwamba nilimwamini. Niliusikiliza mwiko wa mama ukigonga chungu, nikajiambia kweli, mimi ni mvivu tu, nimepata daktari wa kunibariki uvivu wangu. Mama kule jikoni aliyasikia maneno yale yote. Aliacha kuimba.

Siku ya pili yake jua lilipanda na uwanja haukufagiwa. Mama akatoka chumbani akiburuta miguu, akaketi kwenye mkeka wangu, akafungua pindo la kanga.

"Chukua vitu vyako."

Karatasi ya vidonge nikaipokea. Tundu moja zaidi lilikuwa tupu, na halikutobolewa na mimi.

"Mama, hapa kimepungua kimoja."

"Nimekimeza mie."

"Umekimeza lini?"

"Jana, alfajiri. Siku ile baharini ulinitia khofu. Nikasema kama hichi ni sumu, na kinidhuru mie, nijue nnakukataza nini."

Nilipiga ukelele, nadhani jirani walisikia. Mama ana presha! Angeweza kufia kwenye vigingi, peke yake, maji yanajaa! Akaniachia nifoke mpaka nikaishiwa. Moyo wake ulikwenda mbio kidogo, akasema, naye alikaa chini ukatulia. Akaanza kuinyoosha kanga yake juu ya mapaja, pale ilipojikunja kwa lile fundo.

"Kumbe watu wengine huamka vile," akasema.

Nikamsogelea pale mkekani.

"Nlikuwa nnakwenda njiani, miguu mepesi, nikasema kumbe ndivyo wanavyokuwa wenzangu kila siku. Ndiyo maana wanacheka." Akaligusa goti lake. "Leo ushanirudia ule wangu."

"Upi, mama?"

"Uchovu. Mie nlifikiri ndiyo maisha yenyewe, kila mtu anao, ila wewe tu ndiye unayeusema." Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, hakunitazama usoni. "Huwezi kunipa chengine?"

Ikanibidi nimkatalie. Nikamwambia hiki kimepimwa kwa moyo wangu, wake una presha, kinaweza kumuua. "Basi," akasema, na akakubali upesi mno, kama mtu aliyekwisha kuzoea kwamba vizuri ni vya wengine.

Pale ndipo nilipokasirika kisawasawa. Nilimkasirikia kaka, ndiyo, lakini hasira ilimvuka kaka ikaenea kijiji kizima na lile shoka lao. Ikanirudia na mimi pia, maana na mimi nilikuwa nikijigamba shuleni kwamba mama yangu hachoki. Tulikula alichopika, tukavaa alichonunua, na tulipomwona anashika kiuno tukampa sifa. Tulimsifu ili asipumzike. Mwanamke yule kaubeba ugonjwa wake mgongoni miaka yote hiyo, nasi tukauita tabia njema.

Nikameza kidonge changu mbele yake, mlango wazi. Kisha nikampigia simu kaka, nikamwambia Jumatatu aje na gari, kuna mtu wa kupelekwa kwa daktari wangu mjini. Akaguna, akasema afadhali nimekubali kuachishwa vidonge.

Jumatatu akaja, kopo lake mkononi, na hotuba yake tayari. Alinikuta nimekaa kwenye kiti uwani, nimevaa, natabasamu, ikamchanganya. Mama akatoka na buibui lake, akafungua mlango wa mbele wa gari mwenyewe, akaketi.

"Mama unakwenda wapi? Nani anaumwa hapa?"

"Mie."

Jibu hilo sikuwa nimepata kulisikia kinywani mwake. Wala kaka, nilimwona usoni.

"Wewe? Mbona Ijumaa ulikuwa mzima, unaimba?"

"Ijumaa nlimeza kidonge cha mdogo wako."

Kopo likabaki karibu na mdomo, halifiki. Akanitazama mimi, akamtazama mama, na lililomtoka lilikuwa swali ambalo mimi na yeye tulipaswa kuliuliza zamani sana.

"Unaumwa tangu lini, mama?"

"Tangu wewe hujazaliwa," akasema mama. "Washa gari."