Injini Niliharibu Mimi, Ndege Akapandishwa Mwenzangu

Mimi ndiye niliyeilaza ile hedi ya injini. Si yeye. Mimi! Nimeyaficha maneno hayo miaka mingi mpaka yameniozea tumboni, na leo nayatoa mbele yenu kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia. Jina langu acheni. Mkishajua nilichofanya, jina la nini?

Nilikuja Doha kabla uwanja mpya wa ndege haujafunguliwa. Nakuru nilikuwa fundi wa magari, nikapata kazi kwenye gereji moja ya Industrial Area iliyokuwa ikifufua magari ya zamani ya matajiri. Chumbani tulilala sita. Wanne walikuwa Wanepali, watu wazuri kabisa, lakini mimi na wao tulikuwa tunaongea kwa mikono. Wa sita alikuwa Mkenya mwenzangu, mzee wa Bungoma. Nitamwita Baba Naliaka, maana ndivyo alivyopenda kuitwa. Naliaka ni bintiye, wakati huo akisomea uuguzi, na mzee hangemaliza kikombe cha chai bila kumtaja.

Jamani, huyo mzee alikuwa na mdomo! Siku ya kwanza alinitazama viatu kabla hajanitazama uso. "Wewe ni fundi ama umealikwa harusi?" Alikuwa mchoyo wa sukari, alikoroma, na akiinama kwenye injini aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya kufukuza kuku. Lakini Ijumaa, gereji ikifungwa, ndiye aliyenisongea ugali. Ndiye aliyeninyoa nywele. Mke wangu alipopiga simu kwamba mimba imeleta shida, ndiye aliyekaa nami pale kitandani bila kusema neno mpaka nikatulia.

Doha ina watu wengi sana, lakini mimi nilikuwa na huyo mmoja.

Kisha likaletwa lile gari. Lilikuwa la Kiingereza, la mwanzo wa miaka ya sitini, milango minne kama gari la kupeleka familia kanisani, lakini mbio zake ni za mashindano. Mwenyewe alikuwa Mqatari mmoja mtu mzima, ana shamba Umm Salal, na gari lilikuwa la marehemu baba yake. Lilikuwa limelala bandani miaka na miaka. Panya walikuwa wamezalia kwenye viti vya ngozi.

Gereji nzima, aliyelijua ni Baba Naliaka peke yake. Ujanani aliwahi kufanya kazi Nairobi kwa Mzungu aliyekuwa na mawili ya aina hiyo. Akiifungua ile injini alikuwa anaongea nayo, halafu ananigeukia mimi.

"Hii injini waliipanga wakati wa vita vya pili vya dunia, kijana. Wahandisi walikuwa wanashika zamu juu ya paa la kiwanda, wanaangalia moto wa mabomu, na huko huko juu wanapiga stori za injini. Wewe ukishika zamu unapiga stori za mpira!"

Alinionyesha silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na kamshafti mbili, vile vyuma vinavyozunguka kufungua valvu, juu ya hedi, yaani kichwa cha injini. Alinionyesha breki za diski kwenye magurudumu yote manne, enzi ambazo magari mengi yalikuwa bado na drami. Akasema kule Uingereza wezi wa benki walilipenda gari hilo kwa mbio zake, mpaka polisi nao ikabidi wanunue hilo hilo ili wawakimbize. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Na hapo kwenye hedi ndipo kwenye sheria. Aliniambia mapema kabisa: hedi hii ikitoka kwenye injini na kamshafti zake zimo ndani, usiilaze mezani kifudifudi hata siku moja. Kuna valvu ambazo zimefunguka, zimechomoza upande wa chini. Ukiilaza, uzito wote unazikalia, zinapinda. Iegemeze kwenye vipande vya mbao, kimoja huku, kingine kule. Alirudia mpaka nikachoka. Nikamwambia, "Mzee, mimi si mtoto."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana dhambi yenyewe inaanzia hapa.

Valvu za injini hiyo hazirekebishwi kwa kukaza skrubu. Unaweka visahani vidogo vya chuma, unapima unene wake kwa maikromita, na tofauti ni nyembamba kuliko unywele. Nikamwona mzee kila akipima anageukia mlangoni kutafuta mwanga. Ijumaa moja, akiwa ananinyoa, akaniambia mwenyewe. Macho yalikuwa yanamwacha. Alikuwa na miwani, lakini aliificha kwenye mkebe wa chakula, kwa sababu mudir, yaani meneja wetu, alikuwa amemrudisha kwao Mfilipino mmoja kwa sababu ya mgongo tu.

"Wewe tu ndiye unajua," akasema. "Nistahimilie mwaka mmoja, Naliaka amalize chuo."

"Mzee, haki ya Mungu, hilo limefia hapa."

Kuanzia hapo nikawa namsomea maikromita. Nanong'ona namba, yeye anachagua kisahani. Kwa hiyo najua, tena kwa macho yangu mwenyewe, kwamba kazi ya mzee ilikuwa sawa. Kila valvu ilikuwa sawa!

Hedi ikawa tayari, imekaa juu ya mbao zake, inangoja kufungwa kesho yake. Mchana Baba Naliaka akatoka na dereva kwenda kuchukua gasketi. Mimi nilitaka nafasi pale mezani niweke gia boksi ya gari jingine. Hedi yenyewe ni ya kubebwa na watu wawili. Wanepali walikuwa hapo hapo, ningeita tu. Sikuita. Nikainyanyua peke yangu niisogeze pembeni, kifua mbele, mkono ukanichoka, nikaibwaga mezani. Kifudifudi.

Ikalia tik. Kasauti kadogo tu.

Nikairudisha juu ya mbao haraka, nikaangalia nyuma kama kuna aliyeona. Hakuna. Nikajiambia, tik ni nini? Vyuma hulia. Mjinga mimi!

Siku ya kuliwasha, mwenye gari alikuja na wanawe na majirani kutoka Umm Salal, wamevaa kanzu nyeupe zimepigwa pasi. Injini ikawaka, ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria, ikakohoa kupitia kabureta, moshi ukajaa gereji. Wale vijana wakacheka. Mzee mwenye gari alikunja tasbihi yake, akaenda zake. Mudir akabaki pale, uso umemwiva.

Baba Naliaka akaifungua tena. Valvu mbili zimepinda. Alichukua moja, akaizungusha juu ya kioo bapa, akaiona inavyoyumba. Akaitazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta spana ambayo ilikuwa safi.

Mudir akauliza mbele ya watu wote, "Nani aligusa hii hedi?"

Mzee alinitazama tena, mimi nikaendelea kufuta ile spana. Mwishowe akasema, "Kazi ni yangu, mudir."

Kama ingeishia hapo, labda leo ningekuwa nalala vizuri. Lakini jioni mudir aliniita ofisini. Akaniuliza, wewe ndiye unafanya kazi naye, mzee ana shida gani? Ilikuwa ni kusema tu, ni mimi. Maneno mawili! Lakini nikaona tumbo la mke wangu, nikajiona nashuka kwenye ndege Nairobi na begi tupu, watu wa kwetu wakiniuliza mbona mapema. Mdomo ukafunguka.

"Mudir, macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Ana miwani anaificha kwenye mkebe."

Mungu wangu! Hakuna aliyeniuliza habari za macho. Nilijitolea mwenyewe!

"Khalas," akasema mudir. Basi, imekwisha.

Haikupita mwezi, viza ya mzee ikafutwa. Asubuhi ya safari nilitaka kumbebea mzee begi mpaka kwenye basi la kampuni. Akalichukua mkononi mwangu, taratibu tu, akalibeba mwenyewe. Hakunitukana. Ningeomba anitukane.

Nikapewa nafasi yake. Valvu mpya zikaja kutoka Uingereza, nikazifunga mimi, na gari likawaka likatulia, unaweka kikombe cha chai juu ya injini hakimwagiki. Mwenye gari akanipa mkono kwa furaha, machozi yanamlengalenga kwa kumkumbuka baba yake. Wenzangu wakanipigia makofi. Nilienda chooni nikajifungia.

Kitanda cha mzee kikachukuliwa na Mnepali wa tano. Jioni wanakaa duara, wanakula, wanacheka kwa lugha yao, na mimi na sahani yangu ukutani. Ijumaa zikawa ndefu, jamani! Nilikuwa natembea kwenye mabarabara ya gereji zilizofungwa, huku vumbi na huku malori, naenda mpaka mwisho, narudi. Mtoto wangu alizaliwa salama. Mke wangu akasema, "Msalimie Baba Naliaka, mwambie tunamshukuru." Nikajibu, "Na yeye anawasalimia." Nilimpelekea mke wangu salamu za mtu ambaye hayupo, mwaka mzima!

Baadaye nikapata kazi ya udereva kwa familia moja Al Thumama. Nikapewa chumba changu peke yangu, kitu nilichokiota miaka yote ya kulala sita. Sasa nikirudi nawasha televisheni ya Kiarabu nisichokielewa, ili tu kuwe na mtu anaongea.

Juzi juzi, baada ya ibada, nikakutana na nesi mmoja Mkenya anayefanya kazi hapa. Katika kuzungumza nikagundua alikuwa darasa moja na Naliaka. Nikauliza, Naliaka yuko hospitali gani? Akashangaa. "Naliaka? Aliachia chuo njiani. Baba yake alirudishwa kutoka huku huku. Siku hizi anauza mitumba." Nikamwomba namba ya mzee.

Nilikaa na namba hiyo wiki mbili. Kisha nikapiga.

"Mzee, ile hedi ni mimi niliyeilaza."

"Najua."

"Unajua?"

"Valvu zile hazipindi vile kwa njia nyingine. Nilijua nikiwa nayo mkononi. Nikakungoja useme. Hata kwenye foleni kule uwanja wa ndege nilikuwa nageuka nyuma, nikidhani utakuja mbio na huyo mudir."

Nikaanza kulia. Mtu mzima, ndani ya gari la watu, nalia. Akaniacha nimalize.

"La valvu nilikusamehe zamani," akasema. "Hata mimi nimeshaharibu za watu. Lakini siku natia sahihi karatasi za kurudishwa, mudir aliniambia niende nikatibiwe macho. Na macho yangu, kijana, nilimwambia mtu mmoja tu Doha nzima."

Nikaizima injini ya gari.

"Kwa nini?" akauliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejipangia majibu. Mke mjamzito, ugeni, woga. Nikayatafuta yote, hakuna hata moja lililofaa kumwambia yule mtu aliyeninyoa nywele. Akangoja. Akangoja tena. Kisha akasema, "Haya basi," akakata simu. Tangu siku hiyo nikipiga hapokei, na simlaumu.

Ndugu zangu mlio ugenini, na hata nyinyi mlio nyumbani, nawasihi. Ukiharibu kazi, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka. Utatukanwa, utafukuzwa, utarudi kwenu na begi tupu, na utaishi. Lakini siri ambayo mtu amekupa kwa sababu hana mwingine wa kumpa, usijifunike nayo. Utapona wewe, ndiyo, kazi utabaki nayo. Halafu itafika siku mtu aliyekupenda atakuuliza kwa nini, atakungoja kwa upole ujibu, na haki ya Mungu, hutakuwa na la kusema.