Tulipopima Jua Msimbati

Siku ya kwanza kazini nilipewa kitambaa cha kufutia kioo na onyo: nisiwaeleze wanakijiji tunachofanya. Heh! Mimi mzaliwa wa Msimbati, nisiongee na nani? Nikaanza kuwashuku wakubwa wa kituo hapohapo.

Ninyi vijana mnaosoma sayansi, kazi yetu ilikuwa hivi. Ndani ya jua kuna mawimbi ya sauti yasiyofika masikioni mwetu. Yanazunguka humo, na uso wa jua unapanda na kushuka kila baada ya dakika kama tano. Sisi tulipima mtikisiko huo kwa mwanga, tujue tumbo la jua likoje, kama mtu anavyotikisa nazi sikioni kusikia maji. Kioo kililifuata jua kutwa, nami nilikifuta chumvi ya bahari kila asubuhi.

Mkuu wa kituo wa kwanza alikuwa mtu wa vitabu, hana neno. Wa pili, aliyehamia kutoka ofisi ya Mikindani, ndiye aliyenitia wasiwasi. Alasiri moja aliingia uani kwa mama, ng'ambo ya uzio wa kituo, akauonyesha mnazi.

"Huu ukatwe. Kivuli chake kinatukatia vipimo."

Chini ya mnazi huo kilizikwa kitovu cha marehemu kaka yangu. Mama akashika kiuno.

"Waliotafuta gesi nao walisema wanapima mtikisiko wa ardhi tu. Leo mnazi, kesho nyumba. Utakatwa nikiwa nimekufa!"

Nami sikumwamini yule mkuu hata kidogo. Nikamfuata ofisini.

"Bosi, jua likitupotea sisi, si kuna vituo vyenzetu vya magharibi, ambako bado ni mchana, vinaendelea kulipima? Ndivyo mlivyotufundisha. Sasa mnazi unawakera nini? Au mnataka kiwanja?"

Akacheka kidogo. "Kiwanja cha nini, dada? Nilitaka vipimo visivyo na pengo. Basi, uacheni."

Mnazi ukabaki. Kile kicheko sikukipenda, na miaka yote iliyofuata nilikagua mwenyewe kila waya na kila kipimo kilichotoka. Jua tupu, hakuna kingine.

Juzijuzi nimestaafu, nikarudi kwa mama. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Nilipompa chai alinishika mkono, akasikiliza kwanza kama kuna mtu mlangoni.

"Umeshatoka kwao sasa. Niambie kweli, mwanangu, walikuwa wanatafuta nini?"

"Jua, mama. Wallahi."

Akauachia mkono wangu.

"Hata na wewe," akasema.