Enid Sugden na Bata Bukini Aliyepanda Treni

Enid Sugden alipata habari njema ya maisha yake akiwa kwenye foleni ya posta. Desmond Platt, mwenyekiti wa Chama cha Wapenzi wa Pettifer na Lunn, alikuwa nyuma yake na kifurushi kwapani, akainama kumnong'oneza, maana pale Otley, mji mdogo wa Uingereza, mtu hapayuki kwenye foleni.

"Enid, mpenzi. Bata Bukini ni wako mwaka huu."

"Wee Desmond, usinitanie!"

"Sikutanii. Wajumbe wote wamekubali. Hata Muriel."

"Hata Muriel?"

"Alinuna kwanza. Halafu akanyoosha mkono."

Enid akapiga ukelele mmoja, wa kweli, wa mtu aliyekanyagwa na farasi. Foleni nzima ikageuka. Akawaomba radhi wote, mmoja mmoja, kisha akatoka mbio kwenda nyumbani bila zile stempu alizozifuata. Ana miaka sabini na miwili na goti moja la chuma, lakini siku ile aliupanda mlima wa Weston Lane bila kusimama.

Asiyewajua Pettifer na Lunn atashangaa ukelele wote ule ni wa nini. Walikuwa mabwana wawili, mmoja akipiga piano, mwenzake amesimama kandoni na kikombe cha chai, wakiimba mambo ya kipuuzi kwa nyuso za watu waliokuja kuzika. Watu walivunjika mbavu kutoka London mpaka Aberdeen. Wamekufa zamani, lakini chama chao kipo, na wanachama arobaini na kitu wa Otley wanajua hata ni wapi kwenye santuri Lunn alimeza mate. Kila Jumamosi ya kwanza ya Novemba hukusanyika saa nane mchana kwenye ukumbi wa kanisa, na kila wimbo una mwenyewe. Huimbi tu unachotaka. Unangoja mwenye wimbo ahame, augue koo, au aende mbele ya haki. Bata Bukini, ambao ndio wimbo wa kufungia, ulikuwa wa Walter Haigh kwa miaka kumi na tisa, hadi binti yake alipomchukua kwenda kuishi naye Kanada. Enid alimpenda Walter na alilia alipoondoka. Kusema ukweli, machozi yenyewe hayakuwa ya huzuni tupu.

Wimbo huo aliujua tangu ana miaka minane. Baba yake, mtu wa kiwanda cha sufu, mkali wa kauli, alirudi siku moja kutoka sokoni Leeds na santuri iliyokwisha tumika. Akaiweka, akakaa, na baada ya dakika tatu watoto wake wakamwona anacheka mpaka anashika mbavu. Hawakuwahi kuliona jambo hilo. Clifford, kaka yake Enid, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, akaenda kwenye piano ya mama na kuanza kuzitafuta zile sauti kwa sikio. Enid akavaa kofia ya baba na kushika kikombe kitupu. Kuanzia hapo wakawa Pettifer na Lunn wa mtaa mzima. Waliimba Krismasi, waliimba kwenye arusi za watu, waliimba hata siku bibi yao alipotolewa meno yote, ili kumliwaza.

Halafu watu wakawa wakubwa. Clifford akaenda kuuza bima Ilkley, Enid akashona mapazia katika duka moja kwa miaka arobaini, akiimba na pini mdomoni. Hakuolewa, kwa hiari yake, na hapendi kuulizwa. Kila Jumapili walikutana kwa mama, na baada ya chakula piano ilifunguliwa.

Mama alipofariki, miaka kumi na mmoja iliyopita, Clifford ndiye aliyeachiwa kazi ya kuiondoa mizigo nyumbani. Piano haikupata mtu. Siku hizi piano kuukuu hazina pa kwenda; shule hazitaki, makanisa hayataki. Clifford akawaita watu wa kubomoa, wakaivunja kwa shoka kwenye ua. Enid alifika kuchukua mapazia akakuta vipande vya vibonye vya pembe na nyaya kwenye majani. Aliokota mapazia yake akaondoka, na toka siku hiyo hawakuongea. Walitumiana kadi kila Krismasi, kwa kuwa kutotuma kadi kungekuwa ugomvi, na wao hawakuwa na ugomvi. Ndani ya kadi aliandika "Enid Sugden", naye akajibu "Clifford Sugden", kama watu wawili wanaosaini hati ya kiwanja.

Basi, mambo yalikwenda vizuri hadi Jumatano ya wiki yenyewe, Norma Thwaite, aliyekuwa ampigie piano, alipoteleza kwenye majani yaliyolowa nje ya maktaba na kuvunja kifundo cha mkono. Enid alimtembelea na keki ya ndimu, akampa pole kwa dhati kabisa, na moyoni akamlaani pia.

"Usihofu," Desmond akamwambia kwenye simu. "Rupert Oldroyd amekubali. Atakupigia yeye."

"Yule wa hesabu?"

"Mwalimu mstaafu wa hesabu, ndiyo. Na kinanda cha kanisa hupiga yeye miaka yote. Hakosei noti hata moja, Enid."

Hilo ndilo lililomtia Enid wasiwasi.

Alhamisi asubuhi wakakutana ukumbini. Rupert alikuwa mrefu, mkavu, na kitabu cha noti alichokifunika kwa karatasi ya nailoni. Enid akaimba ubeti wa kwanza, bata bukini akikata shauri kwenda pwani. Ubeti wa pili, bata bukini akipanda treni, daraja la kwanza. Ulipofika wa tatu, kondakta akaja kudai tiketi, na hapo sauti ya Enid na piano ya Rupert zikaachana kabisa.

"Samahani," Rupert akasema. "Umeruka mistari miwili."

"Sijaruka kitu, Bwana Oldroyd. Kondakta anaomba tiketi, kondakta anavua kofia anakaa. Naimba wimbo huu toka sijaota magego."

"Na kwa nini kondakta akae?"

"Kwa sababu ni kichekesho. Anakaa tu. Ndiyo utamu wake."

Rupert akaugeuza kile kitabu amwonyeshe. Enid akavaa miwani. Pale, kwa wino mweusi, katikati ya tiketi na kofia, kulikuwa na mistari miwili ambayo hajawahi kuisikia maishani mwake:

Tiketi naiatamia, bwana, bado sijaiangua,
njoo ukalie kidogo, joto lisije pungua.

Enid akakumbuka. Ile santuri ya sokoni! Ilikuwa na mkwaruzo. Sindano ilikuwa ikiruka pale, tena ikiruka kwa adabu, inatua sawasawa kwenye mdundo, na kwa miaka zaidi ya sitini yeye alikuwa akiuruka mkwaruzo wa baba yake kwa kudhani ni sanaa. Na Walter je, alipokuwa akiimba? Walter alikuwa akifika hapo watu wanaanza kucheka kabla hajamaliza, na Enid siku zote alikuwa wa kwanza kucheka na wa mwisho kusikia.

Alianza kucheka polepole, halafu kwa nguvu, mpaka akakaa kwenye kiti na kujifuta macho kwa skafu.

"Yai!" akasema. "Tiketi ni yai! Kondakta anakwenda kulikalia yai! Mungu wangu, Rupert, nimeishi miaka yote hii bila yai!"

"Tunaweza kurudia sasa, na mistari yote?"

Walirudia mara sita. Mara zote sita Enid aliruka. Ulimi ulijua njia yake na haukutaka kuonyeshwa nyingine. Rupert akafunga kitabu kwa upole na kusema, labda kwa heshima ya chama, Muriel angeweza kuuchukua mwaka huu. Muriel anazijua noti.

Enid akaenda nyumbani. Akaweka birika la maji, akalizima kabla halijachemka. Alikuwa amengoja Bata Bukini miaka kumi na tisa, na katika dunia nzima alikuwepo mpiga piano mmoja tu anayeruka pale anaporuka yeye. Namba yake ilikuwa kwenye kijitabu, chini ya S, na hakuwahi kuifuta. Akapiga simu amesimama, maana angekaa angekata.

"Ilkley, nane tisa mbili," sauti ikasema. Mpaka leo Clifford huipokea simu hivyo, kama afisa wa reli.

"Cliff, ni mimi."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu! Nimepewa Bata Bukini. Jumamosi. Nimekosa mtu wa kunipigia."

"Bata Bukini wa Walter Haigh?" Sauti ilipanda ngazi mbili. "Wamekupa wewe? Enid! Wamekupa wewe?"

"Wamenipa mimi."

"Baba angeanguka kwenye kiti."

"Utakuja ama huji? Niambie tu. Ukikataa sitakasirika."

"Ungekasirika sana," Clifford akasema. "Saa ngapi?"

Enid hakumwambia habari ya ile mistari miwili. Akataka kuiimba yote mwenyewe, sawasawa, kama inavyotakiwa, asifikiri kwamba mpiga piano naye alihitaji kuambiwa. Alikuwa na siku mbili. Ijumaa yote aliimba mistari ile akiosha vyombo, akipiga pasi, akimlisha paka wa jirani. Aliiandika kwenye kiganja. Kufikia usiku, ulimi ulisalimu amri.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Muriel alikaa mstari wa mbele na kitabu cha noti magotini, akijifanya anatafuta miwani. Rupert alikuwa karibu naye. Clifford aliingia saa nane kasoro dakika tano amevaa suti ya arusi yake, nywele zimemwisha, mikono ileile. Enid akamwendea. Hawakupata nafasi ya kusalimiana sana.

"Suti inakubana," akamwambia.

"Kofia ya nani hiyo?"

"Ya baba."

Clifford akaitazama kidogo, akaketi kando, na zamu ya wimbo wa kufungia ilipofika akaenda kukaa kwenye piano.

Ubeti wa kwanza ulikwenda kama wanashuka mlima kwa baiskeli. Enid alikuwa na kikombe mkononi na uso wa mtu wa mazishini, na watu walikuwa wakiangua kicheko. Ubeti wa pili, Desmond alitoa leso. Enid alikuwa na furaha ambayo hajaipata tangu akiwa mtoto, mwili mzima ukimchemka, akaingia ubeti wa tatu kwa kishindo. Kondakta akadai tiketi. Enid akavuta pumzi na kuimba, wazi, kwa lafudhi nzuri, tiketi naiatamia bwana.

Piano ikaruka.

Clifford alikuwa tayari kwenye kofia ya kondakta. Aliruka kwa ajili yake, safi, sindano ya baba ikitua kwenye mdundo. Enid akaacha kuimba. Clifford akaacha kupiga. Muriel akafungua kitabu. Ukumbi wote ukatulia, watu wenye kujua kila kikohozi cha santuri ile, na hakuna aliyejua pa kuangalia.

"Samahani," akasema Enid. "Nimejifunza ile mistari. Sikukuambia."

"Hapana, samahani mimi. Niliijua. Nina kitabu tangu mwaka wa themanini na nne."

"Ulijua? Na hukuniambia?"

"Namna ya kwetu ilikuwa nzuri zaidi, En."

"Basi samahani, Cliff, nimekuharibia."

"Hujaniharibia. Samahani mimi, nilipaswa kuuliza."

Mstari wa nyuma mtu akaanza kucheka, halafu wa pili, halafu ukumbi wote, kwa sababu hakuna Mwingereza awezaye kuwatazama wazee wawili wakiombana radhi kwa zamu bila kujiona mwenyewe. Desmond alikuwa ameegemea ukuta. Rupert Oldroyd, wa hesabu, alikuwa akicheka mabega yakimtikisika. Enid naye alikuwa anacheka, na alipogeuka aone kama Clifford anacheka, akaona hacheki. Alikuwa ameshika ukingo wa piano ya kanisa kwa mikono miwili.

"Nilipaswa kuuliza," akarudia, chini chini, "kabla sijawaita wale watu. Nilisimama dirishani wakiivunja. Sikuweza hata kutoka nje. Nimekosa, Enid. Miaka yote hii nimekosa, na kwenye kadi hapakuwa na nafasi."

Kilikuwa kicheko tupu ukumbini, na dada yake peke yake ndiye aliyesikia. Enid akaweka kikombe chini. Alikwenda pale kwenye kiti cha piano, kirefu cha kukalia wawili, akamsukuma kaka yake kwa nyonga kama zamani, naye akasogea.

"Kadi ilikuwa na nafasi kubwa tu, mjinga wewe," akasema, na machozi yakamwangukia kwenye kola. "Haya. Toka mwanzo. Na tukifika kwa kondakta, tunaruka."